Saa Ngapi kwa Wiki

Shuleni Oulu tuligawiwa fomu:
kwa wiki, unatazama michezo saa ngapi?
Kaka yangu Eeliki akaandika ishirini,
akafikiri, akaongeza mbili za marudio.

Mimi niliandika moja. Kisha nikaifuta.

Kipindi cha tatu hunikuta sinkini,
povu hadi viwikoni, sufuria ina magamba ya samaki,
nikihesabu mabao kwa miguu ya baba sakafuni:
kishindo, letu;
kimya, lao.

Jumamosi kabla ya kupambazuka
nabeba gongo na viatu vya barafu.
Baridi inang'ata kope.
Uwanjani tuko wasichana kumi na wanne,
na jukwaani mama yake Venla, peke yake,
na chupa ya chai.

Eeliki bado kalala.
Mechi ya jana ilimchosha.