Zamu ya Usiku, Khodad

Usiku huu simu zote zimezimwa,
hata Bhiva muuza maziwa ameombwa akae mbali:
cheche moja ya pikipiki yake
yatosha kuifunika sauti ninayoingoja.
Antena thelathini zimeinua nyuso
juu ya mizabibu, juu ya vitunguu vya watu,
nami nasikiliza nyota iliyokufa ikigonga,
ko, ko, ko,
kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji walishahama.

Ni ndogo mno, asema Daktari Abhyankar.
Ni baridi mno kwa umri wake.
Kisha huvua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
akanong'ona neno asiloliandika kwenye ripoti:
ajabu.

Nyutroni, alinifundisha, ni nyumba ya watatu,
kwaki moja ya juu, mbili za chini,
na hakuna itokayo. Ivute moja, kamba hukaza;
zidi kuvuta, kamba itakatika ikizaa jamaa wapya
kuliko kuiacha kwaki ikae pweke.

Lakini chukua jua zima, ulirundike
lienee ndani ya wilaya yetu ya Junnar,
likandamize, likandamize tena,
hadi nyumba zisagane, kuta ziyeyuke,
kila kwaki itembee ukumbi mzima bila kupiga hodi.
Hapo mojawapo hugeuka.
Si ya juu tena, wala si ya chini.
Wakaiita ya ajabu, kwa kukosa jina.

Nyota njema huonekana asubuhi;
hii hata usiku haijaonwa na mtu.
Ila mimi naijua.

Mwaka wa ukame mkubwa, kabla mama hajazaliwa,
ndugu watatu wa ukoo wa Ghodke walibomoa kuta zao
wapate jiko moja, moto mmoja,
mtama wa msaada uliopimwa kwa bakuli la shaba.
Njaa iliwabana hata mtoto hakujua
ziwa alinyonyalo ni la nani.
Na Kaveri, mke wa kitinda mimba,
ambaye hakuwahi kuinua macho mbele ya baba mkwe,
akatwaa funguo za ghala.
Akapima nafaka. Akakemea wanaume.
Akapanda mkokoteni, akaenda mjini peke yake
kugombana na karani.

Mvua ikarudi. Ndugu wakakanda udongo na samadi,
wakasimamisha kuta, kila mtu na mlango wake.
Kaveri hakurudi alivyokuwa.
Walipomchoma, miaka arobaini baadaye,
funguo zilikutwa kwenye majivu.

Ndilo swali la Daktari, la kurasa tisa za hesabu:
mzigo ukitolewa,
ajabu hubaki ajabu, au hurejea kuwa nyutroni?
Wapo wanaosema hubaki.
Wapo wanaokwenda mbali zaidi: kwamba punje yake moja
ikigusa kitu cha kawaida, nacho hugeuka.

Kaveri alimbeba mama mgongoni.
Mama alinibeba mimi.

Saa kumi alfajiri takwimu zimefika,
na kosa la kipimo ni kubwa kuliko jibu.
Labda ni nyutroni tu, iliyozeeka vibaya.
Naandika: haijathibitika.
Naandika jina langu chini, Vrushali, herufi kubwa.

Nje, Bhiva amechoka kungoja. Maziwa yataganda.
Anapiga kiki bila kuomba ruhusa ya mtu,
na kwenye kioo changu
mstari wa nyota unaruka, unaruka, unapotea.