Nakala Moja, Kaloleni

Tulichanga. Nakala moja, watu kumi na wanane.
Osundwa akaanza na ukurasa wa mwisho,
kama mzazi anayesaka jina kwenye matokeo ya mtihani.

Msimu wa kushuka daraja: aya tatu.
Aya tatu! Nami nilitembea kutoka Kasarani mpaka hapa
na mvua, kiatu kimoja mkononi.

Nafula akasema mwandishi hajui kuhesabu:
penalti ile ilikuwa dakika ya themanini na nane,
yeye alikuwa nyuma ya goli akiuza njugu,
akamwona kipa amefumba macho.

Mwenyekiti kapewa sura nzima na picha ya suti.
Shitakwa, aliyefua jezi miaka tisa
kwa sabuni ya kukopa,
hayumo hata kwenye shukrani.

Wiki saba, mkono kwa mkono.
Jana kimenirudia: jalada limelegea,
chai imemwagikia ukurasa wa hamsini,
na pambizoni, kwa penseli, kwa bluu,
kwa miandiko iliyoachwa shuleni:
Si kweli, nilikuwepo.
Hapa tulilia.
Shitakwa.
Shitakwa.

Wanauliza toleo la pili litatoka lini.
Ninalo. Nimelifunga kwa mpira.