Mpira Wake Peke Yake

Lori la Lechipya lilifika Kizota likikohoa,
moshi mweusi kama kitako cha sufuria ya msibani.
"Mafundi wanne wamebadilisha sensa," akasema.
"Mpya, ya mtumba, ya kuazima,
halafu ileile ya kwanza."
Likipanda Saranda na saruji, nguvu inakata
palepale kwenye kona,
na tandiboi anaruka na jiwe mkononi
kabla hajaitwa.

Nikafungua boneti. Spana sikuigusa.

Aliyepachika ile supachaja alikuwa na haraka:
mpira mmoja wa vakyumu kutoka manifodi,
ukakatwa tii, ukakatwa tii tena,
huku unalisha rigyuleta ya mafuta,
huku vali ya kupumulia,
na mkiani kabisa, sensa,
inangoja makombo ya pumzi.

Nikacheka peke yangu.
Hii si ni nyumba yetu Chang'ombe,
maji ya Jumatano!
Mama Mbeleje akifungua koki kule mbele
yangu inapiga chafya, inatoa upepo, kisha tope.
Niulize saa hiyo tangi la mtaa lina maji kiasi gani,
nitakujibu kwa ninachokiona ndooni.

Sensa haikuwa mwongo.
Ilisema kilichoifikia.

Nikaitobolea njia yake:
kiungio cha shaba kwenye manifodi, chini ya supachaja,
mpira mfupi, mgumu, usiobonyea ukifyonzwa.
Na kwa kuwa pumzi ya injini huja kwa kudunda,
nikasokomeza ndani jeti ya kabureta ya bodaboda,
kitundu cha kupita unywele wa mbuzi,
mapigo yafike yamepoa.
Tundu la zamani nikaliziba kwa skrubu na klipu.

Lechipya akauliza bei. Nikaitaja.
Akaupima mpira kwa macho: shubiri moja.
"Panda Saranda kwanza," nikamwambia.

Saa tisa usiku simu ikaita.
Hakusalimia. Aliitoa dirishani
nikasikia injini ikivuta, ikivuta,
sauti moja, haipandi haishuki,
na huko nyuma jiwe la tandiboi
likibiringika bodini, halina kazi.

Pesa iliingia asubuhi, pungufu elfu tano.

Ilikuwa Jumatano. Koki ikakohoa.
Nikasimama na ndoo,
nikiupima ukuta kwa shubiri
hadi barabarani.