Roshani ya Ghorofa ya Tatu

Adana, Julai. Joto limekaa juu ya mji
kama mgeni asiyejua kuaga.
Chini ya roshani yetu, ng'ambo ya ukuta,
sinema ya wazi ya Bwana Rifki:
viti mia tatu vya mbao, kokoto, mlango wa bati,
na ukuta mmoja uliopakwa chokaa upya
kila mwaka kabla ya Mei.

Baba alipiga hesabu: watu sita, mara tiketi,
mara siku tatu kwa wiki. Akafunga daftari.
"Mungu ametupa roshani," alisema.
"Kushuka kulipa ni kukufuru."

Basi tukatazama kwa upande.
Kwetu kila shujaa alikuwa mwembamba kama ufito,
na pembe ya kushoto ya picha ililiwa na mforosadi.
Wabaya waliokimbilia huko
hatukuwaona wakitoka tena.
Kwa hesabu yetu walifia majanini.

Mama alipita nyuma yetu na sinia:
tikitimaji, jibini, mbegu za alizeti.
"Amemsamehe?" aliuliza.
"Bado," tulijibu bila kugeuka.
Akarudi jikoni.
Miaka kumi na mmoja alitazama sinema
kama mtu anavyosikia ugomvi wa jirani,
kipande leo, kipande kesho, mwisho hajui.

Alhamisi moja akavua aproni.
Akapaka wanja. Akachukua pochi.
"Wapi?" Baba akauliza.
"Chini."

Tukamwona akiingia mlango wa bati.
Tukamwona akinunua soda ya chupa, yake peke yake,
akaketi safu ya tano, kati ya fundi viatu
na wasichana wawili wa kiwanda cha pamba.
Kutoka juu alikuwa kitambaa cha kijani tu.

Filamu siikumbuki. Kulikuwa na treni, nadhani.
Nakumbuka watu mia tatu wakicheka pamoja,
na kicheko kimoja kikachelewa,
kikaja peke yake, kirefu, bila haya.
Dada yangu Nezahat akanishika mkono:
"Ni Mama yule?"
Baadaye, palipofika pa kulia,
leso moja ikapita safu nzima,
ikafika kwake, akaitumia,
akampa asiyemjua.

Baba hakutazama ukuta usiku ule.
Mbegu zilibaki kiganjani mwake, hazijamenywa.

Aliporudi hakuna aliyemuuliza kitu.
Akavaa aproni, akafungua bomba,
akaliambia bomba, si sisi:
"Kumbe uso wa mtu ni mkubwa hivyo."

Siku hizi pale ni maegesho ya magari.
Mforosadi ulikatwa. Mama tulimzika miaka sita iliyopita,
na Baba ana runinga pana kuliko kitanda chake.
Nampigia simu Jumapili kutoka Bremen.
"Ngoja nimsimamishe," ananiambia.
"Haya. Mwanamke yuko katikati ya kulia, mdomo wazi.
Atasubiri. Nimekwisha kwenda chooni mara mbili,
nikameza dawa, nikachemsha chai, bado analia.
Na pembe zote nne naziona. Hata wabaya wanakotokea."

Kisha anakohoa, na kimya kinakuwa kirefu
mpaka nadhani simu imekatika.

"Alhamisi iliyofuata," anasema,
"niliwaambia naenda kucheza dhumna."
"Nakumbuka."
"Nilikata tiketi. Safu ya tano, kiti kilekile.
Nikainua macho juu.
Vichwa vyenu vinne kwenye reli kama njiwa.
Nyuma yenu taa ya jikoni, na mama yenu
anapita na sinia, anapotea,
anapita tena.
Rifki alizima mashine, watu wakaondoka,
mimi nimekaa tu."

"Mbona hukumwambia?"

Hajibu. Nasikia akitafuta rimoti kwenye blanketi,
akibonyeza,
na mwanamke yule, huko Adana,
anamalizia kilio chake.