Ala Iliyotangulia

Wengine hununua kisu, kisha wakakitafutia ala.
Mimi nilirithi ala.
Ngozi ya nyati, nyeusi kwa jasho na mafuta ya nazi,
uzi wa katani, mishono sabini na mmoja (nimeihesabu),
na ndani yake giza lenye umbo la kisu
ambacho sijapata kukiona.

Ami Shekuwe aliwinda hadi mwaka ule wa marufuku.
Alikwenda kituoni, akaiweka bunduki mezani.
Afisa akaandika: bunduki, moja.
Kisu hakuna aliyekiuliza.
Akakichomoa mwenyewe, akakilaza kando ya bunduki,
akarudi Kibokoni na ala tupu kiunoni
akaivaa hivyo hivyo, sokoni, barazani, mazikoni,
miaka thelathini na mitatu;
na aliyetaka kucheka alitazamwa mara moja tu.
Ukali wa jicho washinda wembe.

Basi nikatoka nayo, duka kwa duka.
Mwembe Tayari walinipa cha kukunja.
Nikasema, hiki kina kiwiko,
na chenye kiwiko siku moja kitakukunjia vidole.
Marikiti nikaonyeshwa kinachong'aa kama meno ya bwana harusi,
mgongo wa msumeno, dira kwenye mpini.
Dira! Nipotelee wapi, Makadara?

Jivraj, muuza vyuma, alijaribu vitano:
hiki kirefu, kikasimama nusu njia;
hiki chembamba, kikacheza kama ulimi penye pengo;
cha tano kiliingia, nikaipindua ala,
kikaanguka juu ya misumari ya kupima kwa kilo.
"Ala yako," akasema, akikifuta vumbi,
"imekaa eda muda mrefu mno."

Fundi Nzaro wa Kongowea hakuniuliza bei wala jina.
Aliipaka ala samli kwa ndani, akamimina nta,
akavuta sigara mbili,
akatoa kisu cha nta, laini, rangi ya asali,
nami nikakitazama kama anayeonyeshwa picha ya babu yake kijana.

Akachukua tupa kuukuu, akaitia motoni.
"Msuka ufike mwisho wa mpini," akasema.
"Kisu kisicho na msuka ni ahadi ya mlevi.
Tumbo liwe la mviringo, lichune bila kutoboa.
Urefu, kiganja chako. Kinachozidi kiganja
ni cha kutishia watu, na sivitengenezi."
Mpini ni wa mkwaju, usiteleze kwa damu.

Kikaingia. Kikalia, tk,
kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe watoto.

Nilikivaa nyuma ya nyonga, upande wa kulia.
Mbele hakufai: ukiinama, kinakusabahi tumboni.
Siku tatu kilinichubua, nikatembea kwa kujipinda;
ya nne nikasahau kuwa ninacho,
na hapo ndipo nilipojua ni changu.

Jumamosi nikafika feri ya Likoni,
ninakwenda Mtongwe kuchinja mbuzi wa harusi.
Askari mmoja, Nimashaka, jina lipo kifuani,
akauona uvimbe chini ya shati.
"Hicho ni cha nini?"
"Cha kuwindia."
"Kuwinda nini Mombasa, kunguru?"
Foleni nzima ikacheka.

Nikakichomoa, nikampa mpini kwanza.
Akakipima mkononi. Akakitazama, akatazama kiuno changu,
akakirudisha mwenyewe mahali pake, tk,
akakichomoa tena.
"Ala!" akasema,
na hadi leo sijui alishangaa au alitaja.

Akakiviringisha kwa gazeti la jana,
akakizika chini ya nazi kapuni mwangu.
"Utakivaa ng'ambo."

Nikavuka. Katikati ya maji mkono ukashuka wenyewe,
ukapapasa: tupu,
nyepesi kuliko nilivyodhani.
Kijana mwenye baiskeli akaiona ala isiyo na kitu,
midomo ikaanza kumcheza.

Nikamtazama.