Chokaa ya Kokoto

Jumatatu na Alhamisi,
jirani zangu wakiwa wamefunga sunna,
Kokoto anafuturu saa mbili asubuhi:
majani ya mchunga, ua moja la bamia,
na unga mweupe wa kikopo
nilionunua kwa daktari wa mifugo, Chuda.
Hauna harufu.
Nimeuonja. Ladha yake ni ukuta.

"Bana kwa vidole viwili," aliniambia,
"kama chumvi ya mwenye presha.
Vitamini, tone moja, Ijumaa hadi Ijumaa.
Ukizidisha unamdhuru.
Na jua, mama. Bila jua
huo unga ni unga tu."

Nikajidai natafuta chenji kwenye pochi
asinione macho.
Maneno hayo niliyasikia Bombo,
mwanangu Hiza ana mwaka na nusu,
miguu yake imefungua mabano na kuyafunga,
katikati hamna neno.

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu.
Hawasemi kwamba mbichi
hujikunja mwenyewe
ukimwacha gizani.

Chumba chetu Ngamiani kilikuwa na dirisha moja
linalotazama ukuta wa choo cha jirani.
Nilimfunika kwa kitenge kila nilipotoka.
Nilimficha jicho la watu,
nikamficha na jicho la mchana.

Kokoto tuliachiwa na Mama Semboja
alipohamia Handeni: kobe ndani ya beseni,
mkubwa kama andazi la shilingi mia mbili,
na nyanya tatu zilizooza.
Nilipomgusa mgongoni kwa kidole gumba
gamba likabonyea
kama ukucha uliolowa kwenye maji ya dobi.

Mhina alicheka jioni ile.
Alikuwa ametoka kiwandani Pongwe,
nyusi nyeupe, kope nyeupe,
mzee wa miaka thelathini na nne.
"Ningejua, ningekuletea mfuko. Kilo hamsini."
Kisha akanyamaza, akavua viatu taratibu.
Mji huu umekalia chokaa,
Amboni kuna mapango yake, watu wanalipa kuyaona,
na kiumbe cha kukaa kiganjani
kimekosa cha kuezekea.

Hiza ana miaka saba sasa.
Ndiye anayeokota mifupa ya dome Raskazone,
myepesi, myeupe, kama vipande vya sabuni vilivyosahauliwa na bahari.
Anaikuna kwa mbuzi yangu ya nazi
(wali wa Jumapili ulikuwa na mchanga,
hatukusema kitu).

Siku moja nilichelewa sokoni.
Nikakuta kikopo kimebaki nusu
na Kokoto mweupe pe, kama kaimati
aliyeviringishwa kwenye sukari.
"Nimempa ya wiki zote," Hiza akasema,
"apone leo."

Ukiona kobe kainama, ujue anatunga sheria.
Kokoto alitunga siku mbili.
Sheria yenyewe: hali.
Tukamwogesha maji ya vuguvugu,
asubuhi na alasiri, kwenye bakuli la mchuzi,
hadi siku ya tatu akatoa kichwa,
akamtazama Hiza kwa muda mrefu,
akauma ua la bamia.

Leo wamekaa wote wawili uani.
Hiza amenyoosha miguu kwenye sakafu;
mabano yamebaki kama alama ya penseli iliyofutwa,
unaiona ukijua ilikuwepo.
Anabonyeza mgongo wa Kokoto. Haubonyei sana.

"Mama, na mimi ulinipa unga?"
"Nilikupa."
"Jumatatu na Alhamisi?"
"Kila siku. Jua ndilo nililochelewa kukupa."

Hajibu.
Kanga niliyoanika imeanza kutupa kivuli
kwenye ukingo wa beseni.
Anainuka, analisogeza shubiri moja,
anakaa tena.