Herufi Moja

Siku ya kwanza Ilazo niliomba mayi.
Mwenye duka akanyoosha mkono kwenye trei:
"Mangapi?"
Nikasema, chupa moja, ya baridi.
Akayatazama mayai yake, akanitazama mimi,
akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani,
na jioni ile nikarudi chumbani
na mayai mawili nisiyoyahitaji
na kiu yangu.

Nimeletwa hapa kupima maji.
Miezi kumi na minane. Mkataba una mihuri mitatu,
kibali cha kazi kina picha yangu
nimekodoa kama mtu aliyeulizwa deni.
Husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
mimi utepe nilipewa asubuhi ya kwanza,
na Mhandisi Mahinyila akanitembeza Makutupora
akivitaja visima kimoja kimoja,
hiki mkaidi, hiki kimezeeka, hiki usikiamini Oktoba,
kama mtu anayehesabu ng'ombe wa baba yake.
Unashusha utepe, unashusha, unanyamaza.
Huko chini kitu kinalia pii.
Anaandika: arobaini na mbili na nusu.

Kwetu Bukavu, Kadutu mteremkoni,
hatukuyatafuta mayi.
Yalitutafuta yenyewe usiku,
yakagonga bati, yakaingia na udongo wake,
yakachukua jiko la jirani,
mwaka mmoja yakamchukua jirani.
Kila Novemba mama alilala na viatu miguuni.

Hapa Novemba watu wanatazama juu
kama wagonjwa kwenye benchi
wanaosubiri jina kuitwa.

Mtoto wa nyumba ya pili, Nyemo, aliniamkia shikamoo.
Nikajibu jambo.
Akaweka mkono kiunoni. "Siyo. Sema marahaba."
Nikasema.
Akaenda zake ameridhika, mwalimu wa zamu,
kandambili za kaka yake zikimpiga visigino.

Zamu yetu ya maji ni Jumanne na Ijumaa, saa tisa usiku.
Mama Sechelela hugonga dirisha langu kwa upawa:
"Mkongo! Yamekuja!"
Tunatoka na ndoo, tumejifunga mashuka,
upepo wa Julai unatung'ata vifundo vya miguu,
vumbi limelala, nyota zimejaa kupita kiasi.
Pale bombani ndipo nilipomjua:
magoti yake, mwanawe aliyeko Mwanza,
ugali wake wa uwele, na mlenda
ulioniteleza vidoleni wiki nzima
kabla mkono haujajua njia.
Usiku mmoja akaniuliza,
"Si wewe ndiye mtaalamu? Mbona hayatoki?"
Nikamwambia, mama, yako mbali.
Akasukuma ndoo yake mbele kwa mguu.
"Mwanangu naye yuko mbali," akasema,
"lakini hupiga simu."

Sijui ni lini.
Labda siku niliyomwambia muuza zabibu wa Majengo "mbukwa"
akaniongezea kishada bila kuinua macho,
bila kuniuliza natoka wapi.
Labda kwenye ripoti, ukurasa wa nane,
ambako neno lile lilijiandika mara thelathini
na kalamu ya Mahinyila haikulizungushia duara hata mara moja.

Jumapili nilimpigia mdogo wangu Nsimire.
Nikamsimulia: bomba kuu limepasuka,
maji yamefika hadi uani,
watoto wanaogelea kwenye shimo la taka.
Kimya.
"Unasema nini imefika?"
Maji.
"Maji," akarudia taratibu,
kama mtu anayejaribu kiatu cha marehemu.
Kisha akaniuliza, "Yaya, unakula muzuri?
Uko muzima?"
Nikasema niko muzima. Nilijisikia nikiisema,
nikiichagua.

Simu ilipokatika nilitoka uani.
Nikashika bomba, nikalifungua hadi mwisho,
nikainama, nikaliambia kwa sauti ndogo:
mayi.

Likakoroma kidogo, hewa tu.
Bado siku mbili ifike zamu yetu.